Siku Niliyompa Fundi Swichi

Katika miaka miwili ya kuchoma injini za roketi kwenye mchanga wa mto wetu wa msimu, kitu kimoja tu hakikuwahi kutuharibikia, nacho ni mishono ya fundi. Mafuta yetu yaligoma kuwaka. Midomo ya injini iliyeyuka. Hesabu zangu, mimi mwalimu wa fizikia mwenye digrii, zilikosea mara nyingi kuliko nitakavyokubali hapa. Lakini pale fundi alipounganisha chuma na chuma, palibaki pameungana. Nilimchukia kwa hilo kabla sijajua kwamba namchukia.

Tulikuwa watatu. Mimi nafundisha shule ya kutwa nje kidogo ya Mutomo, ambako maabara ina meza nyingi kuliko vifaa. Wa pili alikuwa mhandisi wa visima, mtu wa Makueni aliyeletwa huku na kazi, na ndiye aliyenionyesha kwa mara ya kwanza video za watu wa nchi nyingine wakichoma injini walizoziunda nyuma ya nyumba zao. Wa tatu ndiye fundi. Hatukumwita kwa sababu tulitaka rafiki wa tatu. Tulimwita kwa sababu mimi na mhandisi hatukujua kuchomelea, na bomba la chuma halizibwi kwa digrii.

Watu wakisikia neno roketi hutazama juu. Sisi hatukurusha kitu, maana kurusha kunataka vibali, na vibali vinataka mtu anayekujua. Tulichofanya ni kupima injini ikiwa imefungwa chini. Unachukua bomba nene la chuma, unaziba upande mmoja, upande wa pili unachomelea pete ya kufungia mdomo mwembamba kwa bolti, na ndani unapakia mafuta magumu. Unalisimamisha kwenye fremu, mdomo ukitazama mbinguni, kitako kikikalia mizani. Injini ikiwaka, inatema moto juu na kujisukuma chini, na mizani inakuambia imesukuma kwa uzito wa kilo ngapi. Mizani yetu ilikuwa ya kupimia mbuzi. Tuliiazima kwa mnunuzi wa mifugo aliyehamia kwetu kutoka upande wa Tseikuru, Mwislamu mpole ambaye sharti lake lilikuwa moja tu, irudi imefutwa kabla ya siku ya soko.

Mafuta yenyewe tuliyaita ugali, kwa sababu yalipikwa kwa sufuria, yakasongwa kwa mwiko, kisha yakashindiliwa kwenye kopo yakiwa bado moto ili yagande kipande kimoja. Sukari ilikuwamo. Vingine sitaviandika, anayetaka kuungua atafute mwenyewe. Cha kujua ni kimoja: ugali huo ulipaswa kuwa mzima. Ukiwa na ufa, moto huingia kwenye ufa, ukawaka kila upande kwa mpigo, na moshi ukawa mwingi kuliko mdomo unavyoweza kutoa. Hapo bomba halina la kufanya ila kupasuka. Hilo nililijua vizuri. Nilikuwa nimewachorea hata wanafunzi wangu ubaoni.

Fundi alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, na humo alitengeneza mageti, vitanda, plau za ng'ombe na mikokoteni ya maji. Aliishia darasa la saba. Ukimpa kazi hakuahidi siku, na hilo liliwaudhi watu, lakini hakuna aliyewahi kumrudishia kitu. Akimaliza mshono aliusugua kwa brashi ya waya, akaupapasa kwa kidole gumba akiwa amefumba macho, na kama kidole hakikuridhika, alisaga chote na kuanza upya bila kukuambia. Injini zetu alizipima kwa namna yake. Aliziba mdomo kwa kipande cha mpira, akajaza hewa kwa pampu ya pikipiki, akalizamisha bomba lote kwenye beseni na kungoja mapovu, kama wanavyotafuta pancha. Mimi nilikuwa na fomula ya jambo hilo kwenye daftari. Sikumwambia kwamba jibu la beseni lilikuwa sahihi zaidi ya langu.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu yule hakuwa na ubao wa jina kwenye kibanda chake. Mali yake yote ilikuwa ile sifa kwamba kilichopita mkononi mwake hakiachii, na kutokana na sifa hiyo alilisha mke, watoto wanne na mama yake mzazi aliyeuza vitunguu kando ya barabara kule Makindu. Wakati huo mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana alikuwa amemwahidi kazi kubwa kuliko zote za maisha yake: kujenga mnara wa chuma wa kubeba tangi la maji. Alituchorea mnara huo mchangani kwa kijiti kila tulipokuwa tunangoja moshi upungue.

Nasi tulimtania. Niseme kweli, nilimtania mimi, na mhandisi akacheka. Nilimwita Profesa. Aliponiuliza kwa nini mdomo wa injini uwe mwembamba, nilimjibu kwa Kiingereza, na Kiingereza kigumu kile cha vitabu, huku nikimtazama. Alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Baadaye nikamkuta akimuuliza mhandisi pembeni, na mhandisi akimweleza kwa Kikamba kwa maneno matano tu. Siku hiyo sikuwasemesha wote wawili mpaka tulipofika nyumbani.

Kitu alichokitaka fundi kilikuwa kidogo. Alitaka kufinya swichi. Ilikuwa swichi ya honi ya lori, imeunganishwa na betri ya pikipiki na waya mrefu uliotoka kwenye magunia ya mchanga tulikojificha hadi kwenye injini. Aliyeifinya tangu siku ya kwanza ni mimi.

"Mwalimu," aliniambia mara moja tukirudi, amebeba fremu begani na mimi nimebeba daftari, "hiyo swichi hata mimi siku moja si unaweza kuniachia nifinye?"

"Hiyo inataka hesabu, fundi. Si welding."

"Hesabu ya kufinya?"

"Hesabu ya kujua ni lini."

"Sawa," alisema. "Vai thina." Ndivyo sisi Wakamba tunavyosema hakuna tatizo, hata tatizo likiwa limekaa mbele yetu.

Aliuliza tena baada ya miezi mitatu, na tena baada ya Krismasi. Kila mara nilipata sababu mpya. Nilizifurahia sababu hizo. Nyumbani nilimsimulia mke wangu kwa mzaha, na mke wangu akaniuliza nitapungukiwa nini mtu huyo akifinya. Nilimwambia hawezi kuelewa.

Ndipo mhandisi akapata mtu. Afisa mmoja wa kaunti, waliyesoma naye, alikubali kuja kuona jaribio la injini kubwa, na kama angeridhika, angetuandikia barua ya kuombea kibali cha kurusha. Chifu naye akasema atakuja, na kwa kuwa chifu anakuja, mchungaji akaalikwa kuomba, na kwa kuwa mchungaji anakuja, kanisa zima likajialika. Mwalimu mkuu wa shule ile ya wasichana alitaka kuleta kidato cha tatu. Tukapanga Jumamosi. Fundi alitengeneza bomba kwa siku tisa. Mimi nilipika ugali siku kumi kabla ya jaribio, na ulitoka vizuri kuliko yote niliyowahi kupika, mweupe, laini, bila tundu hata moja.

Ugali wa namna hiyo adui yake ni unyevu. Ukikaa wazi unatoa jasho na kulainika. Siku zote niliufunga kwa karatasi za nailoni mbili, lakini mvua zilikuwa zimekawia kuisha mwaka huo na hewa ilikuwa nzito. Sasa huku kwetu simu ikitumbukia majini hatuna mchele wa kuchezea. Tunaizika kwenye gunia la ndengu, zile ambazo wengine huziita choroko, na ndengu zinanyonya maji yote. Kila mtu anajua hivyo. Chumbani kulikuwa na gunia jipya ambalo mama mkwe wangu alikuwa ameleta kutoka shambani. Nikatoa ugali kwenye nailoni, nikauzika humo katikati, nikafunga gunia, nikaenda zangu shuleni nikijisifu.

Ndengu zile zilikuwa zimepigwa juzi yake. Hazikuwa zimeanikwa. Mtoto yeyote wa Kitui angetia mkono ndani ya gunia lile na kusikia joto lake, akajua kwamba hizo bado zinapumua, zinatoa maji, hazinyonyi. Mimi sikutia mkono. Nilikuwa na digrii.

Alhamisi nilipofungua, ugali ulikuwa umelowa na ndengu zimeuganda pande zote. Nilizibandua moja moja kwa kisu. Kisha, kwa haraka ya mtu aliyeharibu, nikauweka juu ya bati uanikwe jua la saa sita. Kosa la kwanza likazaa la pili. Jioni niliposhusha ulikuwa mkavu na mgumu, na ulikuwa na ufa uliotoka ukingoni ukashuka hadi karibu na katikati. Niliingiza ukucha. Ukucha ukaingia wote.

Mke wangu alisimama mlangoni akaangalia gunia. "Hizo ndengu sasa tutakula?"

"Utawapa kuku."

"Kuku nao wamekukosea nini?"

Nilikuwa nikiwaza namna ya kuahirisha. Ningempigia mhandisi nimwambie. Angempigia afisa. Chifu angetangaza sokoni kwamba jaribio halipo, na watu wangeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa kwamba mwalimu wa fizikia amezika mafuta ya roketi ndani ya ndengu mbichi. Wanafunzi wangu wangelisimulia hadi wajukuu. Kwetu mtu akipata jina la utani la namna hiyo, anazikwa nalo.

Nililala juu ya jambo hilo, na Ijumaa asubuhi nikaamka na jibu. Halikunijia kama wazo baya. Lilinijia kama utulivu. Nilikwenda hadi kibandani kwa fundi kabla ya kengele ya shule na nikamkuta akipaka bomba rangi ya fedha, rangi ambayo hakuna aliyemwagiza.

"Fundi," nikamwambia, "kesho utafinya wewe."

Aliweka brashi chini. Alinitazama kuona kama ni ule mzaha wangu.

"Kweli, mwalimu?"

"Kazi ni yako. Bomba ni lako. Watu wajue ni la nani."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na rangi ya fedha ikanibaki kwenye vidole siku nzima. Nilifundisha vipindi vinne nikiwa na rangi hiyo. Mhandisi aliposikia alinipigia simu kunipongeza. Alisema alikuwa akidhani nina roho mbaya.

Msomaji atataka kujua kama niliogopa kwamba atakufa. Hapana. Waya ulikuwa mrefu, magunia yalikuwa mazito, na watu wangekaa nyuma kabisa, juu ya ukingo. Nilipima umbali mwenyewe na nikauongeza. Niliwalinda watu wote miili yao vizuri sana.

Jumamosi fundi alikuja na suti yake ya kanisani. Mama yake alikuwa amesafiri kutoka Makindu siku iliyotangulia, mwanamke mdogo mwenye leso mbili, na akaketishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wote karibu na mke wa mchungaji. Nilipomwamkia alishika mkono wangu akasema kwa Kikamba kwamba Mungu anibariki kwa kumtazama mwanawe. Nilisema amina. Kisha nikashuka mtoni na kupakia ugali kwenye bomba mwenyewe, mgongo wangu ukiwa umewaelekea watu, upande wenye ufa nikiuelekeza ndani.

Mchungaji aliomba kwa muda mrefu. Aliombea roketi, akaombea vijana, akaombea mvua iache na kisha akaombea mvua ije kwa wakati wake. Tulikuwa tumefumba macho. Nilifumbua yangu nikamwona fundi nyuma ya magunia, kapiga goti moja mchangani ili asichafue suruali yote, ameshika swichi ya honi kwa mikono miwili, midomo yake ikienda pamoja na ya mchungaji.

Tulihesabu kurudi nyuma, kidato cha tatu wakipaza sauti kuliko wote. Kwenye moja, fundi akafinya.

Kwa muda wa pumzi moja ilikuwa nzuri. Ulitoka moto mweupe ulionyooka, ukapita kimo cha mti, na mlio wake ukanitetemesha mbavu. Nilifikiri labda ufa ule haukuwa na maana. Nakumbuka kwamba niliudhika.

Kisha bomba likapasuka. Sikuusikia mlio wenyewe, nilisikia tu masikio yakiziba. Mchanga uliruka ukafunika kila kitu, kipande cha fremu kikapita hewani na kuangukia ng'ambo, na mbuzi waliokuwa mbali juu ya ukingo wakatimua mbio wakiburuta kamba. Vumbi lilipotulia, mizani ya mnunuzi wa mifugo ilikuwa imekunjika katikati. Hakuna aliyeumia.

Mama yake fundi akapiga makofi. Alidhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Alipiga peke yake, akigeuka huku na huku kuwaonyesha walio karibu naye kwamba yule ni mwanawe, mpaka mke wa mchungaji akamshika mikono na kuishusha kwenye mapaja. Wasichana wakaanza kucheka. Kicheko kilipanda ukingo mzima, na chifu naye akacheka, na afisa wa kaunti akacheka huku akiangalia saa.

Fundi alikuwa bado amefinya swichi. Kidole kilikuwa cheupe.

"Achilia," nikamwambia.

Akaachilia.

Chifu alimfariji kwa methali, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwa kuitoa methali hiyo alikuwa tayari ameshatoa hukumu: kilichovunjika ni cha mhunzi. Hakuna aliyeuliza habari za mafuta. Mafuta hayaonekani, yameshaungua. Chuma kilikuwa pale, kimepasuka, mbele ya macho ya watu wote, na kila mtu alijua chuma ni cha nani. Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana hakupaza sauti. Alimwambia mhandisi tu, nami nikiwa hapo, kwamba kama bomba la urefu wa mkono limemshinda, yeye hawezi kuweka tangi la maji juu ya vichwa vya watoto wa watu.

Mimi na mhandisi tulikusanya vipande. Bomba lilikuwa limepasuka kwa urefu, katikati ya chuma chenyewe. Kizibo cha chini kilikuwa kizima, na mshono wa fundi ukikizunguka wote kama alivyouacha. Mhandisi alikigeuzageuza mkononi.

"Welding haijaachia," alisema.

"Naona."

Alinitazama. Mtu anayechimba visima anajua kutazama. "Ugali ulikuwa sawa?"

"Barua ya afisa bado unaitaka?" nikamuuliza. "Ama unataka tumwambie ni sisi?"

Alikiweka kizibo kwenye mfuko na kufunga zipu. Mwezi uliofuata aliomba uhamisho akarudi Makueni. Huwa ananitumia salamu za sikukuu.

Jumatatu jioni fundi alikuja nyumbani kwangu. Hakutaka chai. Alikuwa amebeba kipande kimoja tulichokisahau mchangani, cha upande wa mdomo, chenye sehemu ya mshono iliyokunjwa na ule mshtuko. Alikuwa amekisugua kwa brashi mpaka kinang'aa.

"Mwalimu, nimeangalia hii kitu siku mbili. Sioni. Nimepitisha kidole, sioni. Niambie tu ni wapi nilikosea, ndio nisirudie. Sitakasirika."

Hapo ndipo ningeweza. Mlango ulikuwa umefungwa, mke wangu yuko jikoni, hakuna shahidi. Ningesema ni ndengu, tungecheka au angenipiga ngumi, na yeye angerudi kibandani akiuamini mkono wake. Nilikichukua kile chuma nikakielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Karibu na ukingo kulikuwa na kitundu kidogo, kama cha kutoboa sikio, ambacho hakina madhara na kinapatikana katika kazi ya fundi yeyote duniani. Nilikionyesha kwa ncha ya kalamu.

"Hapa. Hewa iliingia."

Alikisogeza karibu na jicho. "Lakini nililiweka kwa maji. Halikutoa povu."

"Maji si moto, fundi."

Nilisema kwa upole. Nilijisikia nikisema kwa upole, sauti ile ninayoitumia kwa mwanafunzi mzito ambaye nimempenda. Alipapasa kitundu kwa kidole gumba, akakipapasa tena, na nikaona uso wake ukikubali. Sijawahi kumfundisha mtu jambo akalishika upesi hivyo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama kanisani. Huku kwetu ushuhuda ni wa kushukuru, mtu amepona malaria au mtoto amepita mtihani. Yeye alisema, "Bwana asifiwe," tukaitika, akasema tena, tukaitika, na kisha akasema kwamba amekuja kutubu. Alisema alijiinua. Alitaka kufinya swichi ili watu wamwone, na Mungu amemwonyesha kwamba mkono wake una kasoro ambayo hakuijua. Alisema mtu yeyote aliyetengenezewa kitu naye akiwa na wasiwasi, amwite, atarudia bila malipo. Mwisho akamshukuru mwalimu, aliyemwambia ukweli wakati wengine walikuwa wanamcheka. Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa benchi la tatu. Niliinamisha kichwa kama mtu asiyependa kusifiwa.

Mke wangu aliondoa mkono wake kwenye wangu. Tangu siku hiyo hajaniuliza lolote juu ya gunia lile, na mimi sijamwambia.

Walimwita. Ni nani asiyetaka cha bure? Alikwenda boma kwa boma, jenereta ya kukodi kwenye mkokoteni, akisaga mishono yake ya miaka kumi na kuichomelea upya. Mageti yaliyokuwa hayana neno. Vitanda ambavyo watoto wamezaliwa juu yake na kukua. Wengine walimwita kwa kumdhihaki tu, wakaketi kivulini kumtazama akirudia. Kazi mpya zilikwisha, kwa kuwa hakuna anayempa kazi mtu anayetangaza kanisani kwamba mkono wake una kasoro. Watoto wawili wakubwa walitolewa shule ya bweni wakaletwa kwangu, shule ya kutwa. Nawafundisha fizikia. Mmoja wao, msichana, ana akili nzuri.

Siku hizi fundi amepata tena kazi ndogondogo, za majiko ya mkaa na miguu ya meza. Lakini hakabidhi kitu kabla sijakiona. Ananipigia simu: "Mwalimu, ukipata nafasi pitia uniangalilie." Mimi sijui kuchomelea. Mshono mzuri na mbaya siwezi kuutofautisha kwa jicho, na hilo analijua kila mtu ila yeye. Nakwenda hata hivyo. Nachutama, nageuza kitu, napitisha kidole, na yeye anasimama nyuma yangu amevua miwani ya kazi, hapumui. Kwa miaka mingi sikuwahi kuwa mtu ambaye fundi hodari anamngoja aseme, na nisidanganye, napenda kwenda.

Wiki iliyopita kilikuwa kitanda cha mtoto. Nilikiangalia pembe zote nne na sikuona kasoro, na nadhani haikuwapo. Alikuwa akinitazama usoni. Nikagonga pembe moja kwa ukucha, nikamwambia hiyo airudie. Akavaa miwani, akapiga magoti, akawasha mashine.